Fulana Zenye Uso wa Bibi

Nilipomwomba Bibi ruhusa ya kuweka picha yake kwenye fulana, alikuwa ameketi uani akikata sabuni kwa waya, na hakuinua macho. Alisema, "Sawa, mwanangu, ukiona inafaa." Nimeishi Kigoma tangu utotoni, na ninajua kwamba mtu mzima wa Ujiji akikujibu hivyo hajakubali; amekuachia nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Siku ile pia nilijua. Nikatoa simu nikampiga picha.

Bibi si bibi yangu wa damu. Mama yangu ni muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine kabla sijaanza shule, tukapanga nyumba Gungu, na siku za zamu ndefu akawa ananiacha Ujiji kwa mwanamke aliyekuwa akimuuzia sabuni. Nimekulia katika ule ua. Nguo zangu za shule zilinuka moshi na mawese, na wenzangu walinicheka kwa hilo, nami nikawa ninajisikia vibaya kwa niaba ya Bibi, ambaye hakujua kwamba kuna mtu anachekwa.

Biashara yenyewe ni hii. Bibi na wanawake wanne hununua mawese yanayoletwa kwa madumu kutoka Ilagala, huyapika na kuyachanganya na kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, katika pipa lililokatwa, humimina uji wake kwenye visanduku vya mbao, na ukishaganda huukata vipande. Sabuni hiyo ni ya rangi ya kahawia, haina karatasi wala jina. Huuzwa Kibirizi, pale boti za kwenda Burundi na Kongo zinapopakia. Miaka ya karibuni Bibi alikuwa ameacha kwenda Kibirizi kwa sababu ya magoti. Alibaki nyumbani kukoroga, na wachuuzi wa ng'ambo waliposhika kipande waliuliza swali moja tu: kakoroga mwenyewe? Wakiambiwa ndiyo, walipakia.

Nilirudi kutoka chuoni nikiwa na mawazo mengi kuhusu wanawake wa aina hii. Nilikuwa nimesoma maendeleo ya jamii, na nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya wazalishaji wadogo wasioonekana, ambao kazi yao hubebwa na wengine na kuuzwa kwa majina mengine. Niliyaamini yale niliyoyaandika, na bado ninayaamini. Nikawaambia wanawake wale kwamba wanahitaji nembo, na kwamba nembo ikiwekwa kwenye fulana, wakazivaa siku za boti, mtu hataweza kuwapita bila kuwajua.

Nilichora mchikichi, nikaufuta. Nilichora boti, nikaona kila mtu ana boti. Nilichora kipande cha sabuni kikafanana na tofali. Jioni moja tulikaa uani, michoro ikiwa imetandazwa juu ya mkeka, na jirani wa Bibi, mwanamke mnene mwenye utani ambaye ni mmoja wa wale wanne na ndiye aliyekuwa akibeba mzigo mkubwa wa sabuni kuliko wote, akaigeuzageuza kwa kidole.

"Msomi, hii ni nini, mnazi?"

"Ni mchikichi, mama."

"Mchikichi wa wapi huu usio na vishada? Weka sura yangu basi, wanaume wanunue."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa ameniletea wazo. Uso. Si wa mwanamke wa kuchorwa, asiye na kwao, kama wale wa kwenye makopo ya mafuta ya nywele. Uso wa mtu halisi ambaye mkono wake ndio unaoaminiwa pande zote za ziwa. Niliona kwamba kuuficha uso huo ni dhuluma, na kwamba mimi nimepewa elimu ili niiondoe. Asubuhi yake ndipo nilipomwomba Bibi, naye akanijibu vile.

Katika picha niliyochagua alikuwa amejifunga mtandio, anatazama pembeni, anakaribia kucheka. Niliipeleka mjini kwa kijana anayechapisha fulana. Alikuwa amezungukwa na kazi: jezi za timu, fulana za shule, kofia za harusi. Nilidhani nitaambiwa nirudi wiki ijayo. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akapunguza sauti ya redio.

"Pole sana, dada."

"Asante," nilisema, kwa kuwa nilikuwa nimetembea juani.

"Unataka na maua pembeni?"

"Hapana. Iwe ya kawaida, yenye heshima."

"Hiyo ndiyo nzuri. Wengi siku hizi wanajaza maua mpaka mtu haonekani."

Tayari alikuwa na duara kwenye kompyuta yake, lenye kingo zinazofifia kama wingu, akaiingiza picha ya Bibi humo ikakaa kana kwamba duara lilikuwa likimngoja. Nililipenda. Chini nikamwambia aandike "Kazi ya Mikono Yake," na chini ya hapo neno "Tangu" pamoja na mwaka ambao Bibi alianza kupika sabuni. Rangi ya fulana niliitaka nyeupe, kwa ajili ya usafi, maana ni biashara ya sabuni. Aliniuliza zinatakiwa lini. Nikasema boti zinaondoka kesho. Alizisogeza jezi za watu kando, akaanza na zangu, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimebeba boksi. Njiani nilimwaza yule kijana kwa shukrani. Nilijisemea kwamba huyu ameelewa umuhimu wa kazi ya wanawake hawa.

Msomaji wa hapa kwetu ameshaelewa. Fulana nyeupe, uso wa mtu mzima ndani ya duara, maneno ya shukrani na mwaka chini yake: hiyo ni sare ya msiba. Tumezivaa sote. Mimi mwenyewe nilivaa ya aina hiyo tulipomzika mwalimu wetu wa sekondari, na bado ninayo. Mafundi wote wa kuchapisha wana desturi moja, kwamba kazi ya msiba haipangwi foleni, anayezika hangojeshwi. Yote hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu, lakini nilikuwa nimejaa wazo langu kiasi kwamba hayakunijia hata mara moja.

Asubuhi wanawake wanne walizivaa juu ya madera yao. Bibi alibaki na magoti yake. Alipoziona aliinama kuitazama sura yake kifuani mwa jirani, akasema tu, "Nimekuwa mweusi hapo," kisha akarudi kwenye pipa. Tukapanda bajaji mbili kwenda Kibirizi. Mimi nilivaa ya kwangu.

Sijawahi kuona tangazo likifanya kazi kama lile. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakitaniana kwenye kijiwe walinyamaza tulipopita, na mmoja akavua kofia. Pale ufukweni wanawake wanaoanika dagaa walisimama wakatutazama. Watu walitupisha. Mzee mmoja muuza samaki aina ya migebuka alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia noti iliyokunjwa kiganjani, akaondoka bila kuchukua sabuni. Nilimkimbilia na kipande.

"Mzee, umesahau sabuni yako."

"Hapana, mwanangu. Kaeni nayo. Itawafaa huko."

Nikamwambia jirani wa Bibi kwamba watu wameanza kuuheshimu mradi wetu. Yeye, ambaye maisha yake yote amekuwa akimtania kila mtu, alinitazama kwa wasiwasi kidogo. "Kuna kitu," alisema. "Leo hawabishani bei." Kweli hawakubishana. Mabaharia wa boti ya Kalemie, upande wa Kongo, walichukua sabuni wakiwa wameinamisha vichwa, wakaitazama picha kifuani, wakatikisa vichwa, na boti ikang'oa nanga. Na ya Burundi vivyo hivyo. Niliziangalia zikienda nikiwa na furaha ambayo ninaona haya kuieleza sasa.

Tuliporudi Ujiji, mbele ya nyumba ya Bibi palikuwa na mabenchi. Wanaume walikuwa wamekaa kimya, kofia vichwani, na wengine walikuwa bado wakitandika mikeka barazani. Wanawake wenye kanga mabegani waliingia kwa mlango wa uani. Mimi nilifikiri jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angefikiri, nikamshika jirani mkono. Tukaingia.

Bibi alikuwa hai, jikoni, mbele ya sufuria kubwa ya chai. Alikuwa ameona watu wakikusanyika barazani kwake, akaamini kwamba kuna mtu amefariki nyumba ya pili na kwamba wenzake wamekosa nafasi ya kukaa. Ndivyo tunavyofanya, msiba ukizidi nyumba moja, nyumba ya jirani inafunguliwa. Kwa hiyo hakuuliza. Alikuwa amewatuma watoto watoe mikeka yake, akamtuma mtu sukari, akabandika chai. Wanawake waliomkuta jikoni walikuwa wamesimama mlangoni, hawajui kama walie au wakimbie.

Alituona na fulana zetu. "Mmerudi upesi," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ya msibani: "Nani amefariki?"

Jirani ndiye aliyeketi chini kwenye kizingiti, akajishika kifua pale ilipo picha, akasema, "Wewe, dada. Umefariki tangu saa nne. Chai yako hiyo."

Vicheko viliibuka jikoni vikaenda mpaka barazani, na wanaume waliokuja kuzika wakanywa chai ya marehemu aliyewamiminia kwa mkono wake. Mmoja alisema mwaka wa kuanza upo, fundi kasahau wa kumalizia. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Mimi pia nilicheka, na nilidhani kwamba kicheko kile kilikuwa kimenisamehe. Kilikuwa kimenifunika tu kwa siku chache.

Ujiji yote ilijua kabla ya magharibi kwamba Bibi yu hai. Lakini boti zilikuwa zimeshaondoka. Habari ya kifo huvuka ziwa kwa boti ya kwanza. Habari ya kwamba mtu hakufa haina anayeona haraka ya kuibeba. Siku ya boti iliyofuata, wanawake walirudi na sabuni zote walizokwenda nazo. Walikuwa wameziacha fulana nyumbani, na haikusaidia. Mchuuzi mkubwa wa Kalemie, aliyekuwa akichukua nusu ya kila pipa, aliwapa pole, akasema atatafuta kwingine, maana mkono wenyewe umeondoka. Walimwambia Bibi yupo. Alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayewasikiliza wafiwa. Boti iliyofuata ikawa vilevile. Sabuni zikarundikana ukutani mpaka dirishani, na mawese mapya kutoka Ilagala yakaambiwa yasubiri. Wanawake wanne walitegemea lile pipa kwa kila kitu kinachoingia nyumbani mwao. Hakuna aliyenilaumu. Waliacha tu kuniita msomi, wakaanza kuniita kwa jina langu, na nililikosa lile la utani kuliko nilivyotarajia.

Nilikwenda kwa Bibi na mpango. Nilitaka tutoe tangazo redioni. Nilitaka tubandike karatasi Kibirizi. Nilitaka hata kuchapisha fulana nyingine, zenye maneno tofauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akisugua magoti kwa mafuta.

"Binti yangu," alisema, "mtu haandiki ukutani kwamba yu hai. Atakayesoma ataamini zaidi kwamba amekufa."

"Basi tufanye nini?"

"Niletee moja."

Nikamletea fulana. Aliivaa juu ya dera lake, akaivuta ikae sawa, uso wake wa kwenye kitambaa ukawa chini ya uso wake wenyewe. "Maiti havai sare ya msiba wake," alisema. "Ita bajaji."

Siku ile, na kila siku ya boti kwa muda mrefu baadaye, Bibi alikaa Kibirizi. Alikaa juu ya dumu lililogeuzwa, karibu kabisa na maji, pale wapagazi wanapopita na magunia, ili kila mtu amwone. Mimi nilibeba mwavuli na chupa ya maji. Aliwasalimu Waha kwa Kiha, "Mwakeye," wakashtuka, wakaitikia, wakasogea kumtazama vizuri. Wengine walimgusa. Yeye aliwaacha wamguse.

Mchuuzi wa Kalemie alipofika aliruka kutoka kwenye boti, akamwona, akasimama majini viatu vikiwa mkononi.

"Mama," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "kule kwetu banasema ulishakufa."

"Nimesikia. Na wewe ulilia?"

"Nililia kidogo."

"Kidogo tu? Sabuni zote zile?"

Watu wakaangua kicheko. Mchuuzi akaja akapiga goti mchangani, akaitazama picha kwenye fulana, kisha akaushika mkono wa Bibi, kama anayelinganisha. Halafu akauliza lile swali la siku zote: kakoroga mwenyewe? Bibi akamwonyesha viganja vyake, vilivyokauka na kung'aa kwa kostiki. Akapakia.

Hivyo biashara ilirudi, boti baada ya boti. Kila aliyemwona alipeleka habari ng'ambo, na wapo waliokuja kununua kwa ajili tu ya kusimulia kwamba wamenunua sabuni kwa mwanamke aliyefufuka. Hapo ndipo hatia yangu ilipoanza hasa, kwa sababu sasa nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya kando yake na kutazama. Bibi alikuwa amestahili kukaa katika ule ua wake. Alikuwa amebeba sabuni kichwani mpaka magoti yakakataa, kisha akakubaliwa na wenzake kwamba sasa abaki kivulini akoroge, na huo ndio uzee alioutaka. Mimi niliyejiapiza kumfanya aonekane nilikuwa nimemtoa kivulini kwa kweli, nikamkalisha juani juu ya dumu, akionekana. Jioni alishindwa kushuka kwenye bajaji bila kushikwa huku na huku. Hakulalamika. Alisema tu kwamba upepo wa ziwa ni mzuri, na kwamba alikuwa ameusahau.

Adhuhuri moja pale Kibirizi nilimwona akijiandaa kuswali. Aliivua fulana kwanza, akaikunja picha ikiwa upande wa ndani, akaiweka nyuma yake, mbali na kanga aliyoitandika. Wanawake wenzake, siku ile ya kwanza, walikuwa wamefanya hivyohivyo. Niliwaona na sikuuliza. Alipomaliza aliivaa tena kimya kimya. Nikamuuliza kwa nini hakunikataza tangu mwanzo, ikiwa picha ilimkera.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Toka umerudi kutoka chuo sikuwa nimekuona umefurahi."

Ningependelea anikemee. Kemeo lina mwisho wake. Chuoni nilifundishwa, na nilifaulu vizuri, kwamba mtu lazima aulizwe kabla ya kufanyiwa jambo, hata jambo jema. Nilimuuliza. Nilisikia jibu lililokuwa chini ya jibu, kwa lugha na adabu ambazo nimelelewa nazo katika ua uleule, nami nikachagua kusikia lile la juu kwa sababu lilinifaa.

Mwishowe ng'ambo yote iliamini, na Bibi akarudi kwenye pipa lake. Jirani na wenzake waliniomba nembo nyingine, na safari hii nilikwenda kwa Bibi na karatasi tupu. Akaniambia, "Wewe weka ukiona inafaa." Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia sioni, naomba aniambie yeye. Alikoroga mpaka uji wa sabuni ukaanza kutokota, ndipo aliposema angependa fulana ya rangi ya kahawia, kwa kuwa mawese hayatoki kwenye nyeupe, na mbele iandikwe "Sabuni ya Ujiji," basi. Hivyo ndivyo zilivyo sasa. Hazina uso wa mtu, na wanawake huswali nazo.

Nilimuuliza tuzifanyie nini zile nyeupe zilizobaki. Nilikuwa nimekuja na wazo la kuzichoma, au kuzikata ziwe matambara ya kushikia masufuria.

"Usizichome," alisema huku akikoroga. "Ziweke kwako. Si zitahitajika? Utaokoa kuchapisha tena. Mwaka wa mwisho utaandika kwa kalamu."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilizichukua.

Ziko hapa Gungu, katika boksi lilelile, juu ya kabati la chumba ninacholala. Nimezifua na kuzikunja picha ikiwa ndani, kama alivyofanya yeye. Simu ikilia kutoka Ujiji, jicho langu huenda juu ya kabati kabla mkono haujafika kwenye simu. Nadhani anajua, maana amejizoesha kuanza mazungumzo kwa namna moja. Kabla sijamwamkia, husema, "Ni mimi. Bado nipo." Kisha hucheka, nami humwambia shikamoo, na kicheko changu hufika kikiwa kimechelewa kidogo.